Miungano ya Vyama Kabla ya Uchaguzi: Wapiga Kura Wanasema Nini, na Wapime Nini?

Uchaguzi Mkuu ujao nchini Kenya umepangwa kufanyika Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Kama ilivyo desturi yetu, mazungumzo kuhusu nani ataungana na nani yalianza mapema mno, na sasa yamefika kila mahali: kwenye matatu, sokoni, katika vikundi vya akina mama, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Katika semina za elimu ya uraia ambazo idara yetu ya maendeleo huendesha, swali linalorudi kila mara ni hili: "Sisi tuko mrengo gani?"

Ndugu msomaji, swali hilo linastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kujibiwa. Neno "sisi" hapo lina maana ya kabila au eneo, mara chache sana lina maana ya wakulima wa mahindi, wazazi wa watoto wa shule au wagonjwa wanaokosa dawa zahanatini. Makala haya yanaeleza kwa nini vyama huungana, mirengo imebadilikaje tangu 2002, wapiga kura wanasema nini kuihusu, na kila mmoja wetu anaweza kuuliza nini kabla ya kuamua. Hayamwambii mtu yeyote ampigie nani kura.

KWA NINI VYAMA HUUNGANA

Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa. Chini ya sheria za miaka ile, mshindi wa urais hakulazimika kupata nusu ya kura zote. Alihitaji kura nyingi kuliko kila mpinzani wake, pamoja na asilimia 25 katika mikoa isiyopungua 5 kati ya mikoa 8.

Mwaka 1992 chama cha FORD kilichokuwa tumaini la wapinzani kiligawanyika. Jaramogi Oginga Odinga akabaki na FORD-Kenya, Kenneth Matiba akawa na FORD-Asili, naye Mwai Kibaki akagombea kwa tiketi ya DP. Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, na 1997 alishinda tena kwa takriban asilimia 40. Mara zote mbili wapiga kura wengi walikuwa wamechagua mtu mwingine, lakini kura zao zilitawanyika.

Wapinzani walijifunza. Oktoba 2002 kambi ya NAK iliyokuwa na Kibaki, Michael Kijana Wamalwa na Charity Ngilu ilitia sahihi mkataba wa maelewano na kambi ya LDP iliyokuwa na Raila Odinga na wenzake waliotoka KANU. Wakaunda NARC, na Desemba mwaka huo Kibaki akachaguliwa kwa takriban asilimia 62.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliongeza haja ya kuungana. Sasa mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Hakuna jamii moja nchini inayofikia nusu ya wapiga kura. Kwa hiyo kila anayetaka urais hana budi kutafuta wenzake, na matokeo yake nchi hugawanyika katika kambi mbili kubwa. Mwaka 2013 Jubilee ilipata asilimia 50.07 na CORD takriban 43. Mwaka 2022 William Ruto wa Kenya Kwanza alipata asilimia 50.49 na Raila Odinga wa Azimio 48.85. Wagombea wengine wote waliambulia chini ya asilimia moja.

Kwa ufupi, kuungana kwenyewe si dhambi wala si ujanja. Ni hesabu inayotokana na Katiba. La kuuliza ni watu wameungana kwa ajili ya nini, na wanaungana kwa muda gani.

MIRENGO ILIVYOHAMA TANGU 2002

Tutazame orodha fupi, kwa sababu wengi wetu husahau.

Mwaka 2002 Kibaki na Raila walikuwa jukwaa moja. Mkataba wao ulihusu kugawana nyadhifa, ukiwemo wadhifa wa waziri mkuu, ambao haukutolewa baada ya ushindi. Ugomvi ulikua hadi kura ya maamuzi ya Novemba 2005, ambapo walioikataa rasimu ya katiba kwa alama ya chungwa waliwashinda walioiunga mkono kwa alama ya ndizi.

Mwaka 2007 wawili hao walikuwa mahasimu, mmoja PNU, mwingine ODM. Katika ODM, William Ruto alikuwa bega kwa bega na Raila. Matokeo yaliyopingwa yalifuatwa na ghasia ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 28 Februari 2008, kwa upatanishi wa Kofi Annan, Kibaki na Raila walitia sahihi mapatano, wakaunda serikali ambayo wananchi waliiita ya nusu mkate.

Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waliungana katika Jubilee. Tukumbuke kwamba miaka mitano tu kabla ya hapo, wafuasi wa pande zao walikuwa wamepigana katika Bonde la Ufa. Raila alikuwa upande wa pili, na akabaki huko 2017 kupitia NASA. Matokeo ya Agosti 2017 yalifutwa na Mahakama ya Juu, NASA ikasusia marudio ya Oktoba, nchi ikawa katika hali ya wasiwasi. Kisha tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila wakapeana mkono hadharani.

Mwaka 2022 Uhuru alimuunga mkono Raila dhidi ya Ruto, aliyekuwa naibu wake. Ruto akashinda. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais alivunja baraza lake la mawaziri na kuwaingiza viongozi kadhaa wa ODM. Tarehe 7 Machi 2025 UDA na ODM zikatia sahihi mkataba wa mambo kumi. Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025.

Je, tunaona nini katika orodha hii? Hakuna mrengo hata mmoja uliodumu bila kubadilika kutoka uchaguzi mmoja hadi wa tatu. Viongozi waliotukanana kwenye mikutano wamekula meza moja. Lakini familia iliyochomewa nyumba 2008 haikurudishiwa nyumba yake kwa sababu viongozi wamepatana. Mirengo huhama, jirani yako ndiye anayebaki ng'ambo ya ua, na ndiye utakayemwita usiku mtoto akiugua.

MAONI TUNAYOYASIKIA

Katika semina zetu maoni ya wapiga kura kuhusu miungano huwa ya aina nne au tano. Kila moja lina ukweli ndani yake, na kila moja lina pengo.

"Mtu wetu yumo ndani." Hili ndilo maoni ya kawaida zaidi. Mwenye kusema hivi anaamini kwamba kiongozi wa jamii yake akiwa ndani ya muungano unaoshinda, barabara na kazi zitafuata. Ni kweli kwamba nyadhifa hugawanywa. Baada ya uchaguzi wa 2022 kiongozi wa Ford-Kenya alikuwa Spika wa Bunge la Taifa na kiongozi wa ANC akawa Mkuu wa Mawaziri. Lakini wadhifa ni wa mtu mmoja. Lami, maji na dawa hupitia bajeti ya serikali kuu na ya kaunti. Anayesema "mtu wetu yumo" aulize pia: tangu aingie, wadi yetu imepata nini kilichoandikwa kwenye bajeti na kikaonekana kwa macho?

"Wote ni wale wale, wanagawana mkate tu." Maoni haya yanaongezeka, hasa kwa watu wazima waliopiga kura mara nyingi wakavunjika moyo. Orodha tuliyoitaja hapo juu inawapa sababu. Tatizo ni hatua inayofuata, ambayo kwa wengi ni kubaki nyumbani. Mwaka 2013 takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2022 walikuwa karibu asilimia 65. Tofauti ya Ruto na Raila mwaka huo ilikuwa kura 233,211. Waliojiandikisha wasipige kura walikuwa zaidi ya milioni 7. Kwa hiyo anayekaa nyumbani hajawaadhibu wanasiasa. Amewaachia wengine wamchagulie.

"Sisi vijana hatuna kabila wala mrengo." Sauti hii ilisikika nchi nzima Juni 2024, vijana walipoupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia majengo ya Bunge, maisha ya vijana yakapotea, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatatia sahihi mswada huo. Jambo moja wametufundisha sisi wazee: walisoma mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakauliza kodi itafanya nini kwa bei ya mkate. Hayo ndiyo maswali ambayo kila muungano unapaswa kuulizwa. Pengo ni kwamba bila kujiandikisha, hasira haihesabiwi kituoni. Kijana aliyetimiza miaka 18 aende na kitambulisho chake ajiandikishe, na aliyejiandikisha zamani ahakikishe jina lake limo kwenye daftari.

"Mpinzani akiingia serikalini, nani atatutetea?" Kuhusu mapatano ya 2018 na yale ya 2024 na 2025, watu wamegawanyika. Wafanyabiashara wengi wadogo husema afadhali, kwa sababu maandamano yakikoma wanafungua maduka. Wengine huona wamebaki yatima. Pande zote mbili zina hoja ya haki. Mfano mmoja unatosha: Kamati ya Bunge ya Uhasibu wa Umma, inayochunguza matumizi ya fedha za serikali, huongozwa na mbunge wa upinzani. Mwaka 2024 aliyekuwa mwenyekiti wake, John Mbadi wa ODM, aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha. Aliyekuwa akikagua daftari akawa ndiye anayeliandika. Amani ni baraka, lakini amani isiyo na mkaguzi huwa ghali.

"Piga kura suti." Yaani mchague kila anayetoka mrengo mmoja, kutoka rais hadi mwakilishi wa wadi. Mwenye maoni haya husema rais wake atahitaji watu wa kumsaidia. Hata hivyo, kura zetu ni sita na kazi zake ni tofauti. Afya ya mashinani, kilimo, elimu ya chekechea na barabara za kaunti ziko mikononi mwa gavana na bunge la kaunti. Miungano mara nyingi hukubaliana kuachiana maeneo, ili vyama washirika visigawane kura. Matokeo yake mgombea mzuri wa wadi anaweza kuambiwa ajiondoe kwa ajili ya hesabu zilizofanywa Nairobi. Mpiga kura anayo ruhusa ya kuchagua rais wa huku na mwakilishi wa kule, au mgombea huru.

MKATABA WA MUUNGANO NI KITU GANI

Wengi hudhani muungano ni picha ya viongozi walioinua mikono jukwaani. Kisheria muungano ni mkataba ulioandikwa. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011 inataka mkataba huo uidhinishwe na vikao vya vyama husika na uwasilishwe kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Unapaswa kueleza, pamoja na mambo mengine, vyama vinavyohusika, namna ya kufanya maamuzi, namna ya kugawana nyadhifa na fedha, na namna ya kutatua migogoro. Ugomvi kati ya washirika unaweza kupelekwa kwenye Jopo la kusuluhisha migogoro ya vyama vya kisiasa. Marekebisho ya 2022 yaliruhusu pia muungano kusajiliwa kama chama kimoja, na Azimio ilitumia njia hiyo.

Sheria ni nzuri, lakini tumeona mapungufu. Mwaka 2022 kiongozi mmoja wa chama kilichoingia Azimio alilalamika hadharani kwamba alitia sahihi mkataba bila kuonyeshwa yaliyomo, akahamia upande wa pili. Ikiwa kiongozi wa chama hakuuona, mpiga kura wa kijijini angeuonaje?

Baada ya uchaguzi huohuo baadhi ya vyama vidogo vilivyogombea chini ya Azimio vilihamia Kenya Kwanza. Oktoba 2022 Spika wa Bunge la Taifa aliamua kwamba Kenya Kwanza ndiyo yenye wabunge wengi. Februari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo. Mabishano haya si ya mawakili peke yao. Yanahusu kama kura ya mwananchi inabaki pale alipoiweka.

KURA ZA MAONI ZISOMWE VIPI

Kadiri uchaguzi unavyokaribia, magazeti na redio hutangaza kura za maoni zinazoonyesha mrengo upi uko mbele. Zina faida, lakini si unabii. Katika wiki za mwisho kabla ya Agosti 2022 kura kadhaa za maoni zilimweka Raila mbele, lakini mshindi aliyetangazwa alikuwa Ruto. Tazama mambo haya: ni watu wangapi waliohojiwa na kutoka kaunti gani, nani alilipia uchunguzi, ni asilimia ngapi hawakutaka kusema au walikuwa hawajaamua, na kiwango cha makosa ni kiasi gani. Wagombea wawili wakitofautiana kwa asilimia mbili na kiwango cha makosa ni asilimia mbili au tatu, hakuna anayeweza kusema kwa hakika nani yuko mbele. Hatari yenyewe ni pale watu wanapoambiwa mapema kwamba wameshinda, kisha matokeo yakaja tofauti. Hapo ndipo neno "tumeibiwa" huanza kabla ya ushahidi wowote.

KANISA LISIMAME WAPI

Kanisa lina somo lake chungu. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret waliteketezwa kwa moto, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa sababu hiyo sauti yao ya kukemea ilikuwa imedhoofika. Ungamo hilo lilikuwa la ujasiri, lakini lilikuja baada ya makaburi.

Sisi Walutheri tumefundishwa kwamba Mungu hutawala kwa njia mbili: kwa Neno lake katika kanisa, na kwa sheria na mamlaka katika nchi. Mimbari si jukwaa la mrengo wowote. Hata hivyo Mkristo hana ruhusa ya kuikimbia siasa, kwa kuwa kupitia hiyo jirani yake hupata au hukosa chakula, haki na usalama. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro anamshauri Musa achague watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, waaminifu na wasiopenda rushwa. Kabila halimo katika orodha hiyo.

Kwa hiyo tunawasihi wachungaji na wazee wa usharika wafanye mambo matatu kabla ya kampeni kupamba moto. Kwanza, mwanasiasa anayekuja ibadani aketi na waumini wengine, asipewe kipaza sauti cha kampeni. Pili, mchango wake upokewe na kutangazwa kama wa muumini mwingine yeyote. Tatu, vikundi vya maombi na vya maendeleo vilivyo na watu wa jamii mbalimbali visimame pamoja, hata joto likipanda. Kikundi cha kuweka akiba kilicho na akina mama wa jamii tatu kina faida kubwa kuliko mikutano mingi ya amani, kwa sababu kila mmoja ana sababu ya kutotaka mwenzake ahame.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Muungano unaoupendelea umeandika nini kuhusu mbolea, karo, dawa na ajira? Umesema fedha zitatoka wapi?

2. Je, mkataba wake umewekwa wazi? Ni nani wanaogawana nyadhifa, na kwa kipimo gani?

3. Viongozi wake walikuwa pamoja au mahasimu mwaka 2007, 2013 na 2022? Nini kimebadilika, ni msimamo au ni nafasi tu?

4. Mgombea wa wadi yako umemchagua kwa kazi yake au kwa rangi ya chama chake?

5. Mrengo wako ukishindwa, utamwambia nini jirani yako asubuhi ya kutangazwa matokeo?

Swali la tano tunaomba lisirukwe. Watu wengi wana jibu tayari kwa manne ya kwanza. La tano huleta kimya, na kimya hicho ndicho tunachopaswa kukizungumza sasa, wakati bado tunaketi pamoja na hakuna aliyekasirika. Mungu atujalie hekima ya kuchagua, na neema ya kuendelea kuwa majirani baada ya kuchagua.